Kiingereza cha Kidato cha Tatu na cha Nne: Yanayotarajiwa na kanuni zake

MWANAFUNZI anapoingia Kidato cha Tatu katika shule ya upili humu nchini, somo la Kiingereza hubadilika. Katika vidato viwili vya kwanza alikuwa akijifunza lugha. Sasa anatakiwa kuitumia lugha hiyo kusoma riwaya na tamthilia nzima, kuchambua shairi ambalo hajawahi kuliona, kutetea hoja kwa ushahidi na kuandika kwa mpangilio ndani ya muda uliopimwa. Wengi hawaambiwi waziwazi kwamba mabadiliko hayo yametokea. Huyagundua matokeo yanapotangazwa, wakati ambapo majuto ni mjukuu.

Makala haya yanaeleza yale ambayo mwanafunzi wa kiwango hicho hutarajiwa kuyafanya, jinsi mtihani unavyogawanywa, na kanuni ambazo zikivunjwa humpokonya alama hata mwanafunzi hodari. Yamekusudiwa wanafunzi wenyewe na pia wazazi, hasa wale ambao hawakupitia mfumo huu na hujikuta wakilipia vitabu wasivyovielewa.

Haja ya maelezo haya ni kubwa zaidi sasa. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 lilijiunga na Kidato cha Kwanza mwaka wa 2024, na limepangiwa kufanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2027. Atakayeteleza hatakuwa na darasa la nyuma yake la kurudia kwa urahisi, kama walivyofanya waliomtangulia.

Somo hili lilikotoka

Kabla ya 8-4-4, lugha ya Kiingereza na fasihi yake yalikuwa masomo mawili. Mwanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita aliyechagua fasihi aliisoma kwa kina, ilhali mwenzake wa sayansi aliweza kuiaga kabisa. Kwa miaka mingi vitabu vilivyosomwa vilikuwa vya Waingereza kwa wingi.

Mnamo Oktoba 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliwasilisha waraka katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pachukuliwe na idara itakayoiweka fasihi ya Afrika katikati. Mjadala huo haukuishia chuoni. Mwaka wa 1974 walimu na wasomi walikutana katika shule ya Nairobi School kuzungumzia ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za upili. Tangu hapo majina ya waandishi wa Kiafrika yakazidi kuonekana katika orodha za vitabu teule.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, lugha na fasihi viliunganishwa kuwa somo moja. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka wa 1989. Hoja ya muungano huo ilikuwa kwamba mwanafunzi hujifunza lugha vyema zaidi anapoiona ikitumika katika kazi ya sanaa, na kwamba fasihi haiwezi kueleweka na asiyeimudu lugha. Matokeo yake ni kuwa kila mtahiniwa, awe anataka kuwa mhandisi au mwalimu, hulazimika kusoma riwaya, tamthilia na mashairi.

Vizazi vya wanafunzi hukumbuka miaka yao ya shule kwa vitabu hivyo. Wapo waliosoma The River Between cha Ngugi wa Thiong'o, Betrayal in the City cha Francis Imbuga, The River and the Source cha Margaret Ogola, Coming to Birth cha Marjorie Oludhe Macgoye na Blossoms of the Savannah cha Henry ole Kulet. Ukitaka kukisia umri wa Mkenya aliyesoma shule ya upili, muulize alitahiniwa katika kitabu gani.

Karatasi tatu, alama 200

Mtihani wa Kiingereza wa KCSE una karatasi tatu. Karatasi ya kwanza ina alama 60 na hufanywa kwa saa mbili. Karatasi ya pili ina alama 80 na hufanywa kwa saa mbili na nusu. Karatasi ya tatu ina alama 60, nayo pia hufanywa kwa saa mbili na nusu. Jumla ni alama 200, ambazo hubadilishwa kuwa gredi kuanzia A hadi E.

Ni muhimu mwanafunzi azijue hesabu hizi mapema kwa sababu zinaonyesha juhudi zake ziende wapi. Mathalani, wapo wanaotumia wiki nzima kukariri kanuni za sarufi, ilhali sehemu ya sarufi katika karatasi ya pili ina alama 15 tu. Stadi za kuzungumza, ambazo wengi huzipuuza, zina alama 30. Vitabu teule, dondoo na insha zikijumlishwa, vina alama 65. Asiyesoma vitabu hivyo ameacha takriban theluthi moja ya mtihani mlangoni.

Karatasi ya kwanza: Kuandika kwa ajili ya kazi

Swali la kwanza la karatasi hii ni la uandishi wenye matumizi ya kila siku, na lina alama 20. Mtahiniwa huweza kuombwa aandike barua rasmi, barua pepe, kumbukumbu za mkutano, ripoti, hotuba, wasifukazi, tahakiki ya kitabu au maelekezo ya kupika chakula. Hapa muundo una alama zake. Kumbukumbu za mkutano zisizotaja waliohudhuria, waliotuma udhuru, ajenda, na nafasi ya mwenyekiti na katibu kutia sahihi hupoteza alama hata lugha ikiwa safi. Barua pepe iliyowekewa anwani ya sanduku la posta upande wa kulia, mfano wa barua ya kawaida, humwonyesha mtahini kwamba mwandishi hajui tofauti kati ya vitu hivyo viwili.

Mtego mwingine ni kwamba swali moja linaweza kudai vitu viwili, kwa mfano barua pepe pamoja na maelekezo yatakayoambatishwa. Mwanafunzi anayesoma swali mbiombio huandika kimoja na kusahau cha pili.

Swali la pili ni la kujaza mapengo 10, kila pengo kwa neno moja pekee. Kanuni ya kwanza ni kusoma kifungu chote kabla ya kujaza lolote, kwa maana jibu la pengo la pili huweza kufichika katika sentensi ya nne. Kanuni ya pili ni kuandika neno moja tu. Aliyeandika mawili, hata kama mojawapo ni sahihi, hana alama. Tahajia pia huzingatiwa.

Swali la tatu ni la stadi za kuzungumza, lenye alama 30. Linashangaza wengi kwa kuwa hupima mazungumzo kwa kalamu. Mtahiniwa huulizwa kuhusu maneno yanayotamkwa sawa lakini yakaandikwa tofauti, herufi zisizotamkwa kama ile ya kwanza katika neno "knife", mahali pa kuweka mkazo katika neno, kiimbo cha sentensi, vitendawili, vitanza ndimi, na namna ya kujitayarisha kwa mahojiano au mjadala. Huulizwa pia kutambua makosa ya adabu katika mazungumzo: kumkatiza mwenzako, kujibu kwa mkato, au kuikata simu bila kuaga.

Sehemu hii haiwezi kusomwa usiku wa kuamkia mtihani. Hujengwa na mazoea ya kuzungumza, kusoma kwa sauti na kusikiliza. Shule yenye mijadala na tamasha za drama huwa imewafundisha wanafunzi wake nusu ya swali hili bila wao kujua.

Karatasi ya pili: Kusoma na kuelewa

Karatasi hii ina ufahamu wa alama 20, dondoo la alama 25 kutoka kwa kitabu teule cha lazima, shairi au simulizi ya alama 20, na sarufi ya alama 15.

Katika ufahamu, jibu hutoka katika kifungu wala si katika maoni ya mwanafunzi. Anayeulizwa mwandishi amesema nini kuhusu ukataji wa miti hapaswi kuandika anachokijua yeye kuhusu misitu. Inapoombwa orodha ya hoja kwa muhtasari, asiandike aya ndefu, na anapoombwa kuandika kwa aya, asitoe orodha. Kosa la sarufi au tahajia katika jibu linaweza kumpunguzia nusu alama. Nusu alama huonekana kama kitu kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na mara nyingi tofauti ya B na B ya kutoa hupatikana katika nusu hizo.

Katika dondoo, mwanafunzi huulizwa kilichotokea kabla na baada ya sehemu aliyopewa, sifa za wahusika, maudhui na mbinu za uandishi. Kanuni isiyobadilika ni kwamba kila sifa iambatane na ushahidi. Kusema mhusika ni mwoga ni nusu ya jibu, na nusu ya pili ni kitendo au kauli inayomfanya awe mwoga. Vilevile, anayeulizwa yaliyotokea "mara tu kabla" ya dondoo asianze kusimulia kitabu tangu ukurasa wa kwanza.

Ushairi ndio huwatisha wengi. Shairi huwa halijasomwa darasani, hivyo hakuna la kukariri. Mwalimu mzuri huwafundisha wanafunzi wake kuuliza maswali machache kwa utaratibu: Nani anayezungumza? Anamwambia nani? Kuna tukio gani au hali gani? Hisia zake ni zipi? Ni maneno gani yaliyonionyesha hisia hizo? Mwanafunzi aliyezoea kusoma shairi moja kila wiki kwa maswali hayo hatakuta mgeni katika chumba cha mtihani.

Kuhusu sarufi, wapo wanaoshindwa kwa sababu ya kuhamisha kanuni za lugha zao bila kujua. Katika Kiswahili, kitenzi "kuazima" hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea, ilhali Kiingereza kina "lend" kwa mmoja na "borrow" kwa mwingine. Nasi husema "yeye" bila kubagua mwanamume na mwanamke, na ndiyo maana wanafunzi wengi huanza aya na "he" wakaimaliza na "she" wakizungumzia mtu yule yule. Makosa haya hayatokani na ujinga. Yana chanzo, na yakielezwa kwa chanzo chake huondoka upesi kuliko yakichekwa.

Karatasi ya tatu: Insha na vitabu teule

Karatasi ya tatu ina maswali matatu ya kujibu, kila moja alama 20. Swali la kwanza ni insha ya kubuni, na mtahiniwa huchagua moja kati ya mbili. Swali la pili ni la lazima na huhusu kitabu teule cha lazima. Swali la tatu huhusu vitabu vya hiari, na mtahiniwa hujibu juu ya kimoja tu.

Maagizo ya karatasi hii yana mambo mawili ambayo kila mwaka huwagharimu watahiniwa. La kwanza ni kwamba insha yoyote isizidi maneno 450. La pili ni kwamba anayejibu zaidi ya swali moja mahali alipotakiwa kuchagua, jibu la kwanza kuonekana ndilo husahihishwa. Kwa hiyo anayejibu maswali yote matatu ya hiari akitumaini kuwa mtahini atamchagulia lililo bora amejipotezea muda ambao angeutumia kuikagua kazi yake.

Insha ya kubuni husahihishwa kwa kuwekwa katika mojawapo ya ngazi nne. Ngazi ya D ni alama 1 hadi 5, ambapo msomaji hupata taabu hata kuelewa kinachosemwa. Ngazi ya C ni alama 6 hadi 10, ambapo ujumbe unaeleweka lakini makosa ni mengi. Ngazi ya B ni alama 11 hadi 15, ambapo lugha inatiririka na makosa ni machache. Ngazi ya A ni alama 16 hadi 20, kwa mwandishi anayemfanya msomaji asahau kwamba anasahihisha.

Adui mkubwa wa insha hii ni kukariri. Kuna insha zinazozunguka shuleni kama sarafu mbovu, ambamo jua huchomoza kwa maneno yale yale, gari hupinduka katika kona ile ile na mhusika huzinduka hospitalini akizungukwa na wauguzi wale wale. Mtahini aliyesahihisha mamia ya karatasi huzitambua kwa sentensi ya kwanza. Mwanafunzi anapoilazimisha insha aliyoikariri iingie katika swali lisilohusiana nayo, huadhibiwa kwa kutojibu swali. Insha fupi na ya kweli kuhusu siku mvua ilipobeba daraja la kijijini ina nafasi bora kuliko ajali ya kuazima.

Insha za vitabu teule zina mgao wake wa alama. Utangulizi hupata alama 2, hoja nne zilizokuzwa kikamilifu hupata 12, yaani 3 kwa kila moja, hitimisho hupata 2, na lugha pamoja na mpangilio hupata 4. Hoja iliyokuzwa ni ile iliyotajwa, ikawekwa katika muktadha wake, ikaonyeshwa kwa tukio la kitabuni na ikafungwa kwa kurejelewa swali. Anayesimulia hadithi yote kisha akaongeza sentensi moja mwishoni ya kudai kuwa amejibu, hajajibu. Huu ndio mpaka kati ya kidato cha pili na kidato cha nne: kusimulia kumekwisha, sasa ni kuthibitisha.

Vitabu vinavyotahiniwa

Vitabu vya lazima vya kipindi hiki, ambavyo vilianza kutahiniwa mwaka wa 2023, ni riwaya ya Fathers of Nations ya Paul B. Vitta na tamthilia ya The Samaritan ya John Lara. Riwaya hiyo huwafuata wanaume wanne wanaokutana mjini Banjul nchini Gambia wakati wa kongamano la marais wa Afrika, kila mmoja akiwa na jeraha alilotiwa na utawala mbaya. Tamthilia nayo inahusu programu ya simu iliyobuniwa na wanafunzi ili kufichua ufisadi, na misukosuko inayofuata baraza la mji linapotajwa humo.

Vya hiari ni tamthilia ya Parliament of Owls ya Adipo Sidang', riwaya ya An Artist of the Floating World ya Kazuo Ishiguro, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2017, na mkusanyiko wa hadithi fupi A Silent Song and Other Stories uliohaririwa na Godwin Siundu.

Kanuni ya kuvisoma ni rahisi kuitaja na ngumu kuitekeleza. Msomo wa kwanza uwe wa kufurahia, bila kalamu. Wa pili uwe wa daftari, ambapo mwanafunzi huandika kilichotokea katika kila sura au onyesho, nani alisema nini na kwa nini. Wa tatu uwe wa kutafuta ushahidi wa maudhui fulani, kwa mfano ufisadi, uongozi au nafasi ya mwanamke. Anayeanza Kidato cha Tatu muhula wa kwanza ana nafasi ya kuvipitia vitabu vyote mara tatu. Anayeanza Kidato cha Nne muhula wa pili hana.

Miongozo inayouzwa madukani ina mahali pake, ila ni baada ya kitabu chenyewe. Mwongozo humpa msomaji hoja za mwandishi wake, na hoja hizo hizo huwa zimesomwa na watahiniwa wengine maelfu. Baadhi huwa na makosa, likiwemo la kuchanganya majina ya wahusika. Mzazi mwenye pesa za kitabu kimoja tu na anunue kitabu teule.

Kanuni za darasani

Kila mwalimu ana taratibu zake, lakini zipo zinazopatikana katika madarasa mengi yanayofanya vyema. Mwanafunzi aje na kitabu teule, kamusi na daftari mbili, moja ya lugha na nyingine ya fasihi. Insha iwasilishwe siku iliyoagizwa, kwani mwalimu mwenye wanafunzi 50 katika darasa moja hawezi kusahihisha kazi inayodondoka kama mvua ya vuli. Insha iliyosahihishwa irudiwe, makosa yakiwa yamerekebishwa. Kusahihishiwa bila kurudia ni sawa na kupimwa na daktari kisha kuiacha dawa dukani.

Kunakili kazi ya mwenzako kumekatazwa tangu zamani, na sasa kumeongezeka njia mpya. Programu za akili mnemba humwandikia mwanafunzi insha kwa dakika moja. Walimu wengi wamerudi kuandikisha insha darasani, kwa mkono, ndani ya muda wa mtihani. Wana sababu nzuri, kwa kuwa programu hiyo haitakuwapo katika chumba cha KCSE, na mkono usiozoea kuandika maneno 450 kwa mfululizo huchoka kabla ya swali la tatu.

Kanuni yenye utata zaidi ni ile ya kuzungumza Kiingereza pekee shuleni. Wasomaji wengi wa umri wangu wanakijua kile kibao kilichovishwa shingoni mwa aliyesikika akizungumza lugha ya mama, akakibeba hadi atakapomnasa mwenzake. Ngugi wa Thiong'o alieleza fedheha ya adhabu za aina hiyo katika kitabu chake cha Decolonising the Mind cha mwaka wa 1986. Kuwahimiza wanafunzi kukizungumza Kiingereza kuna faida, na alama 30 za stadi za kuzungumza ni ushahidi. Lakini kumdhalilisha mtoto kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwao ni jambo jingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inapiga marufuku adhabu za viboko na mateso ya kiakili shuleni. Isitoshe, mtoto anayeogopa kukosea hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi kuzungumza.

Kanuni za chumba cha mtihani

Mtahiniwa hutakiwa kujibu kwa Kiingereza, kuandika jina na nambari yake mahali palipoonyeshwa, na kuhakikisha kurasa zote zimechapishwa kabla ya kuanza. Simu na karatasi zenye maandishi haziruhusiwi. Anayepatikana akishiriki udanganyifu hufutiwa matokeo, na hati yake huonyesha alama ya Y.

Hili si la kuchezea. Katika KCSE ya mwaka wa 2015, Baraza la Kitaifa la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa 5,101 kwa sababu ya udanganyifu, na Machi 2016 bodi ya baraza hilo ikavunjwa. Mwaka uliofuata, usimamizi ulipokazwa, watahiniwa waliopata wastani wa A walishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Hata hivyo, kila msimu bado kuna matapeli wanaouza karatasi kupitia makundi ya Telegram na WhatsApp. Nyingi huwa bandia. Mzazi anayetuma pesa hizo ananunua hewa, na wakati huo huo anamfundisha mwanawe kwamba hamwamini.

Uzito wa gredi

Tangu mwaka wa 2023, gredi ya wastani ya KCSE hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja iliyofanywa vyema kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara, pamoja na masomo mengine matano bora. Baadhi ya wanafunzi wamechukulia mabadiliko haya kuwa ruhusa ya kukitupa Kiingereza. Wamekosea. Somo bado ni la lazima, na gredi yake huangaliwa katika kozi nyingi. Kwa kawaida anayetaka kusomea sheria hutakiwa kuwa na B kamili ya Kiingereza au ya Kiswahili. Aidha, masomo mengi ya chuo kikuu hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo stadi zilizopuuzwa shuleni hudaiwa tena huko, na riba.

Nikiwa kwenye meza ya uhariri, nimepokea vijana wengi wa mafunzo ya kazi wenye gredi nzuri ambao hushindwa kufupisha hotuba ya dakika 40 kuwa aya tatu. Walipoulizwa, wengine walikiri kwamba hawakuwahi kukimaliza kitabu teule hata kimoja, walisoma miongozo. Gredi waliipata, lakini kazi ikawafichua wiki ya kwanza. Wapo pia waliokuja na gredi za kawaida kutoka shule zenye nakala tano za riwaya kwa darasa zima, ambao walikuwa wamesoma kwa zamu na kuandika daftari zao kwa uangalifu. Hao hawakuhitaji kufundishwa maana ya ushahidi.

Kinachofuata baada ya 8-4-4

Katika mfumo mpya, Gredi ya 10 ya Sekondari Pevu ilianza Januari 2026. Kiingereza kinabaki somo la lazima kwa wote, lakini Fasihi ya Kiingereza imerudi kuwa somo la kuchaguliwa, chini ya mkondo wa Sayansi ya Jamii. Ndoa iliyofungwa mwaka wa 1985 imelegezwa. Atakayechagua fasihi ataisoma kwa kina zaidi kuliko kaka yake wa 8-4-4, na ambaye hakuichagua huenda akamaliza shule bila kuzoea kuchambua riwaya nzima. Wazazi wanaowasaidia watoto kuchagua masomo hawana budi kulitafakari hilo, wala wasidhani kwamba fasihi ni kimbilio la walioshindwa na sayansi. Ni somo la kusoma sana na kuandika sana.

Kwa walio katika Kidato cha Tatu na cha Nne, ushauri ni mfupi. Vitabu visomwe vyenyewe, insha moja iandikwe kila wiki na irudiwe, shairi moja lisomwe kila wiki, na maagizo ya kila karatasi yasomwe kana kwamba ni swali la kwanza. Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana nafasi yake: amwombe mwanawe amsimulie riwaya hiyo kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kisha amuulize kwa nini mhusika fulani alitenda alivyotenda. Mtoto akiweza kulijibu swali hilo jikoni, ataweza kulijibu katika karatasi ya tatu.